Majaribio ya kemia ku masomo: maji mbele, asidi nyuma

Mu masomo mengi ya sekondari ya teritware ya Pangi, mukoa wa Maniema, laboratware hakuna. Wanafunzi wa kemia, ao shimi vile wanaiita, wanaona majaribio ubaoni tu. Mara moja moja mwalimu anayafanya darasani kwa vitu vya sokoni: asidi ya batri, soda kostiki ya kutengeneza sabuni, javel, alkoli. Kuuzwa karibu na chumvi hakuvipunguzii nguvu. Tena, ndani ya laboratware robine iko karibu na meza, darasani haiko. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jaribio ni kuchota maji.

Bidoni mbili juu ya meza

Asidi ao soda ikigusa mwili, inaendelea kuula mpaka itoke. Inaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 hivi, na sekunde za kwanza ndizo zinaweza kuokoa jicho. Kama maji yako ku chemchemi chini ya kilima, yatafika kama jicho limekwisha kuharibika. Bidoni ya litre 20, ikimwagwa litre moja kwa dakika, inamalizika kwa dakika 20. Basi bidoni mbili za maji safi na kopo zikae tayari mbele ya kufungua chupa yoyote.

Asidi ya batri

Hii ni asidi ya sulfuriki. Inatiwa ndani ya maji, polepole, kidogo kidogo. Usimwage maji ndani ya asidi kali: joto linapanda mara moja, maji yanachemka na kurusha matone usoni. Mutu akiitia juu ya zinki, inatoa hidrojeni, gesi inayowaka na kulipuka. Hapo moto usiwe karibu.

Soda kostiki

Wamama wanaotengeneza sabuni ya mawese wanaijua. Nayo inatiwa ndani ya maji, si maji juu yake, na maji yanakuwa ya moto sana. Usitumie sufuria ya aluminiumu: soda inaila na kutoa hidrojeni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Kwa jicho, soda inaweza kuwa mbaya kuliko asidi, kwa sababu inaingia ndani zaidi, na pengine maumivu yanachelewa. Isiwekwe ndani ya chupa ya maji ya kunywa ao ya limonadi. Mutoto mudogo atainywa.

Javel

Javel na asidi haviwekwi pamoja. Vinatoa klorini, gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani lilitumia kuua askari karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ukisikia harufu kali na koo linawaka, watu wote watoke inje mara moja. Hata ndani ya choo, usichanganye javel na dawa nyingine ya kusafisha.

Alkoli

Usiongeze alkoli ndani ya taa ao kibati kinachowaka, hata kama moto unaonekana umezimika. Muale wa alkoli hauonekani vizuri mchana. Moto unaweza kupanda mpaka ndani ya chupa na kurukia wanafunzi wa benchi ya mbele. Wote wakae mbali, na ndoo ya muchanga iwe karibu.

Zebaki

Mahali watu wanachimba zahabu, sawa upande wa Kampene, mutoto anaweza kuleta zebaki, ao mercure, ku masomo juu inang'aa na kukimbia mezani. Isichezewe, na zaidi isichomwe. Moshi wake hauna rangi wala harufu, lakini unaharibu ubongo na figo.

Ajali ikitokea

Vua nguo zilizoguswa na mwaga maji palepale. Kwa jicho, fungua kope kwa vidole na uoshe kutoka upande wa pua kwenda inje, ili maji machafu yasiingie ndani ya jicho lingine. Usitie mawese, dawa ya meno, ndimu wala siki. Kama mutu amemeza, asukutue kinywa, lakini usimulazimishe kutapika: kitu kile kitamuchoma mara ya pili wakati wa kutoka. Kisha kuosha, mupeleke kituo cha afya pamoja na chupa ya kile kilichomuumiza, ili muganga ajue anatibu nini.

Nani afanye jaribio

Mwalimu mwenyewe, akiwa amevaa miwani ya kufunika macho, ga za mupira na viatu vilivyofungwa, madirisha wazi, kwa kipimo kidogo. Wanafunzi wasirudilie jaribio nyumbani. Muzazi ao prefe anaweza kuuliza jambo moja tu mbele ya somo: maji iko wapi? Kama bidoni hazijajaa, somo lifanywe ubaoni siku hiyo, na jaribio lingoje.