Magamba ya Chuma

Msomaji, huenda umewahi kusimama karibu na fuawe ukamwona mhunzi akitoa chuma chekundu motoni. Kinapopoa na kupigwa nyundo, ngozi nyeusi iliyokifunika hupasuka ikaanguka magamba magamba. Wahunzi wa Meru na Embu, walioitwa aturi, waliyajua magamba hayo kabla reli haijafika nchi hii. Wale wa Mbeere waliosha mchanga mweusi wa mitoni, wakaupika tanurini kwa makaa na mivukuto ya ngozi, kisha wakafua mikuki na sime.

Kwa nini gamba huanguka? Oksijeni iliyomo hewani hula chuma chenye moto, na gamba linalozaliwa hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Basi gamba hubanwa tangu kuzaliwa kwake. Tena, chuma na gamba vikipoa havinywei sawasawa, na mkazo hubaki ndani hata moto ukiisha. Mkazo ukizidi, gamba hubanduka.

Mhunzi alifurahi gamba lilipoanguka, maana chuma chake kilitakata. Lakini kuna kazi ambayo gamba halina budi kushika. Mapanga ya injini za ndege hupakwa madini yenye alumini, ili katika joto kali yajivike utando mwembamba wa kuyakinga. Injini ikipoa, madini hunywea kuliko utando, nao hubanwa vikali. Ukibanduka mara kwa mara, panga huliwa, na roho za wasafiri zimo hatarini. Hapo macho hayatoshi. Sharti mkazo upimwe.

Njia ya kuupima ilionyeshwa mwaka 1909 na mhandisi George Gerald Stoney, aliyechunguza sababu ya tabaka la nikeli kubanduka. Alipaka upande mmoja wa kipande chembamba cha chuma cha pua. Kipande kikapinda, naye kwa kuupima mpindo akakokotoa mkazo. Baadaye wataalamu walitumia eksirei kupima nafasi zilizo baina ya atomi, maana mkazo huzibana au kuzipanua.

Chuma cha kigeni kilipoletwa na wafanyabiashara, tanuri za Mbeere zilizimika, na mengi waliyoyajua aturi yalizikwa pamoja nao, kwa kuwa hayakuandikwa. Stoney aliona jambo lile lile waliloliona wao, yaani gamba kubanduka. Ila yeye alipima, akaandika. Nawe, msomaji, uonapo jambo, lipime, kisha uliandike.