Machozi ya Augustino

Wengi wetu tumewahi kumlilia mtu ambaye hakuwahi kuishi. Tunasoma riwaya au tunatazama tamthilia, mhusika anaachwa au anafiwa, nasi tunajikuta tunafuta machozi kana kwamba ni ndugu yetu wa damu. Je, machozi hayo yana maana gani mbele za Mungu? Mwafrika mmoja alijiuliza swali hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Shuleni alisomeshwa Aeneid, utenzi mrefu wa Kilatini wa mshairi Virgil. Humo yumo Dido, malkia wa Kartago, aliyempenda msafiri Aeneas. Aeneas alipomwacha na kusafiri kwenda Italia, Dido alijiua. Kijana Augustino alimlilia. Alipokwenda kusoma Kartago, karibu na Tunis ya leo, alizama katika michezo ya kuigiza, na mchezo uliomliza ndio uliompendeza zaidi.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliyakumbuka hayo katika kitabu chake cha Maungamo. Alisikitika kwamba alimlilia Dido aliyekufa kwa ajili ya mapenzi, lakini hakujililia mwenyewe, aliyekuwa akifa rohoni kwa kuwa mbali na Mungu. Aligundua pia kwamba mtazamaji wa mchezo haitwi kumsaidia anayeteseka. Anaitwa kuhuzunika tu. Huzuni hiyo haimgharimu kitu, naye hurudi nyumbani ameridhika.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na machozi mengine. Mama yake, Monika, alikuwa akimlilia yeye. Askofu mmoja alimfariji kwamba mwana wa machozi ya namna ile hawezi kupotea. Monika hakuishia kulia: alisali bila kuchoka, na mwanawe alipohamia Italia, alivuka bahari kumfuata. Augustino alibatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huohuo mama yake alifariki huko Ostia. Siku ya maziko alijikaza asilie, lakini baadaye alimlilia mbele za Mungu.

Basi, tuache kusoma hadithi? La hasha. Tumkumbuke nabii Nathani mbele ya Mfalme Daudi, katika 2 Samweli 12. Alimsimulia habari ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee. Maskini huyo alikuwa wa hadithi tu, lakini Daudi aliwaka hasira kwa ajili yake. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mnyang'anyi ni yeye mwenyewe, na Daudi akakiri dhambi yake. Hadithi ilifungua moyo ambao huenda karipio la moja kwa moja lisingeufungua.

Kuhuzunika pamoja na mhusika wa kitabuni si dhambi. Ni dalili kwamba moyo bado una uhai. Tatizo ni kumlilia mjane wa kwenye tamthilia jioni, na asubuhi kumpita mjane wa jirani bila hata kumjulia hali. Tunapofunga kitabu macho yakiwa bado yamelowa, tujiulize maswali mawili: ni kidonda gani changu kilichoguswa hapa, nikipeleke kwa Mungu? Na ni nani karibu yangu anayeishi habari hii kweli, nami sijabisha hodi kwake?