Mabinti wa Sara na Hajiri

Katika Mwanzo 21 Hajiri anafukuzwa nyumbani kwa Abrahamu. Hatusomi popote kwamba yeye na Sara walipatana.

Karibu na Mbale, Uganda, Wayahudi, Waislamu na Wakristo walianzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera. Akina mama wa dini hizo tatu walivuna na kuimba pamoja juu ya amani na bei ya haki. Huko Marekani, mwaka 2010, Sheryl Olitzky, Myahudi, na Atiya Aftab, Mwislamu, waliunda Sisterhood of Salaam Shalom, umoja wa wanawake wa dini hizo mbili.

Sisi hapa Nyangezi tunaomba amani kila Jumapili. Lakini mama Mwislamu tunayenunua kwake sokoni, nani kati yetu amewahi kuingia nyumbani mwake?