Tangawizi na tufaha: vinywaji viwili vilivyoacha kulevya

Ukiagiza Stoney Tangawizi dukani Dar es Salaam au Nairobi, muuzaji hakuulizi umri. Ni soda tu. Lakini Waingereza kinywaji cha namna hiyo wanakiita bia ya tangawizi hadi leo, na jina hilo halikuja bure. Zamani kilikuwa bia kweli, na kililevya.

Kilianzia Uingereza katikati ya karne ya 18. Sukari yake ilitoka Karibea, kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na huko huko ndiko ilikotoka tangawizi nyingi. Upishi wenyewe haukuwa na makuu: tangawizi, sukari, maji, na chachu ya pekee waliyogawiana majirani. Ukiitazama ungedhani ni sago iliyolowekwa, punje nyeupe zenye utelezi. Kadiri ilivyolishwa sukari ndivyo ilivyoongezeka, na iliyozidi ikavuka ua kwenda kwa jirani. Waliiita mmea, ingawa haina jani wala mzizi. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward alifumbua fumbo lake: ni hamira na bakteria wanaoishi kwa kufaana. Hamira hutoa kileo na gesi, bakteria huleta uchachu.

Gesi hiyo ilitaka chombo imara. Bia ikatiwa kwenye chupa nene za udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe, na kizibo kikafungwa kwa kamba kisifyatuke. Mjini Bristol ndiko zilikoboreshwa, pale William Powell alipozipaka, mwaka 1835, tabaka la kung'aa lisilopitisha maji. Zikapakiwa melini hadi Amerika ya Kaskazini. Kilichoipunguza makali bia yenyewe ni kodi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliweka mpaka kwenye asilimia 2 ya kileo, na watengenezaji wakashusha nguvu.

Ng'ambo ya Atlantiki, saida, yaani pombe ya maji ya tufaha yaliyochachuka, ilipitia njia hiyo hiyo. Wakulima wa New England waliinywa mezani kila siku, na Rais John Adams wa Marekani alikuwa na desturi ya kuinywa asubuhi. Katika uchaguzi wa rais wa 1840, pipa la saida lilikuwa nembo ya kampeni ya William Henry Harrison, naye akashinda. Kisha zikaja harakati za kupinga ulevi, na baadaye marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933. Leo Mmarekani akitaja saida, mara nyingi anakusudia maji ya tufaha yasiyochujwa, mazito na ya kahawia, yanayokamuliwa majani yanapopukutika. Ile inayolevya huiita saida kali.

Kileo kilirudi kwa mlango wa baa. Mwaka 1941 John G. Martin wa kampuni ya Heublein alikuwa na vodka ya Smirnoff ambayo Wamarekani hawakuitaka. Jack Morgan, mwenye baa ya Cock 'n' Bull mjini Los Angeles, alikuwa na bia ya tangawizi iliyomdodea. Inasimuliwa kwamba walichanganya hasara zao, wakakamulia ndimu, wakauita mchanganyiko huo Moscow Mule na kuuuza katika vikombe vya shaba. Msimu wa tufaha ukifika, wenye baa huongeza saida.

Kuichanganya hakuhitaji ufundi. Jaza glasi barafu, mimina vodka kiasi cha kikombe cha kahawa, kisha saida mara mbili yake, na ukamulie nusu ndimu. Bia ya tangawizi iingie mwisho, taratibu, ukiinamisha glasi ili gesi isipotee. Chomeka kijiti cha mdalasini. Usikoroge sana.

Asiyekunywa pombe aiache vodka chupani. Ndani ya glasi vitabaki vinywaji viwili vilivyowahi kuwalewesha mababu wa watu, na hakuna atakayeuliza umri.