Kiongozi Alikuwa Mtu wa Njia

Mwaka 1950 Kanisa Katoliki lilianzisha gazeti mjini Tabora, likaitwa Kiongozi. Jina la gazeti halikuwa geni, kwa maana Wajerumani nao walikuwa na Kiongozi lao kule Tanga mwanzoni mwa karne ya 20. Ila kwa Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, jina hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwani mzee aliyefikisha miaka 60 wakati huo alizaliwa misafara ya pembe za ndovu ingali inapita. Hoja yangu ni kwamba neno hili tulilowavika mawaziri na wenyeviti lilikuwa kwanza jina la kazi ya barabarani.

Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, akamwandika mtu aliyeutangulia msafara kwa matamshi ya bara: kirangozi. Aghalabu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi kama wenzake, ila mzigo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Alivaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega na manyoya, akashika bendera nyekundu huku ngoma ikimfuata nyuma. Penye njia panda alizuia njia isiyo yenyewe kwa majani, au kwa mstari uliochorwa kwa mguu mavumbini, ili wa nyuma wasipotee. Hebu tuutazame mstari huo. Mpagazi aliye mbali sana nyuma, pembe begani, hamwoni kiongozi wala hasikii ngoma. Anaamini alama ya mguu.

Atakayepinga atasema huyo alikuwa mtumishi tu: mali ilikuwa ya tajiri, amri ya mnyapara, kwa hiyo maana ya leo imetoka kwingine. Ni kweli hakumiliki kitu. Lakini aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini, na wapagazi wenyewe mara nyingi ndio waliomteua. Mamlaka hayo yalitokana na kuijua njia, nayo yalitambuliwa na waliobeba mizigo. Misafara ilikuwa na maneno mengine kwa mwenye mali na kwa msimamizi. Siasa ilipotafuta jina, haikuchukua tajiri wala mnyapara. Mnyapara amebaki kwa vibarua na magereza.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi yenyewe ilikwisha, jina likabaki bila mwenyewe. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuanza kulichukua, kisha kikafuata chama, TANU. Azimio la Arusha la 1967 likaweka masharti ya viongozi, likiwakataza hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, uliokemea ubwana na unyapara kazini. Waliouandika walikuwa wakitenganisha tena watu wale wale ambao msafara uliwatenganisha karne moja nyuma: anayetangulia, na anayesimamia kwa fimbo.