Ndoo Zilizoachwa Wazi
Hifadhi ya wingu, yaani kuweka data katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ilienea baada ya Amazon kuzindua huduma yake ya S3 mwezi Machi 2006, na ingawa ndoo zake, kama vyombo hivyo vya data vinavyoitwa, zilifungwa tangu mwanzo, wapo waliozifungua kwa umma kisha wakasahau. Miundombinu kwa msimbo, yaani kuandika mipangilio ya mitambo katika mafaili yanayotekelezwa na programu, desturi yenye mizizi katika programu ya CFEngine ya Mark Burgess ya mwaka 1993, iliwezesha ruhusa za ndoo kama hizo kukaguliwa kabla ya kutumika. Lakini kosa nalo, hasa baada ya zana ya aina hiyo, Terraform, kutolewa mwaka 2014, lilinakilika kwa urahisi. Amazon ilileta kizuizi cha ufikiaji wa umma mwaka 2018, ila kuwashwa kwake kiotomatiki katika kila ndoo mpya, hata iliyoundwa kwa msimbo, kulisubiri hadi Aprili 2023, ucheleweshaji ambao ni vigumu kuutetea.