Neno «Bread» katika Misemo ya Waingereza, na Shida Yake kwa Mfasiri

Katika darasa nililokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja mwenye bidii alipewa kufasiri neno la Kiingereza «breadwinner», naye akaandika «mshindi wa mkate». Wenzake wakacheka, nami nikalifuta jibu lake kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake: «mwenye kulisha jamaa». Lakini jioni ile, nilipoitafuta asili ya neno lenyewe, niliona ya kuwa nilikuwa nimefuta bila kufahamu. Maana katika Kiingereza cha kale kitendo hicho cha «win» hakikuwa kushinda tu; kilikuwa kutaabika, kushindana na kazi. Basi «breadwinner» ni mtu ataabikaye apate mkate. Kijana alikosea neno la pili, lakini la kwanza, yaani mkate, ndilo lililokuwa na habari ndefu, wala mimi sikuwa nimemweleza hata kidogo.

Hapo kale Waingereza hawakuuita mkate «bread». Jina lake la kawaida lilikuwa «hlaf», nalo «bread» lilikuwa neno lisilotumika sana, ambalo wataalamu wengi hudhani lilikuwa na maana ya kipande au tonge. Yapata mwaka 1200 maneno hayo yalikuwa yamekwisha kubadilishana mahali: «bread» likawa jina la chakula chenyewe, na «hlaf», ambalo leo ni «loaf», likabaki kuwa jina la mkate mmoja mzima utokao tanuuni.

Lakini neno lile la kale halikufa, bali lilijificha ndani ya maneno mengine. Neno «lord», litumikalo kwa bwana mkubwa, na hata kwa Mwenyezi Mungu, lilikuwa zamani «hlafweard», yaani mlinzi wa mkate. Na «lady», bibi wa nyumba, alikuwa «hlæfdige», mkandaji wa mkate. Tena katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, aliyepokea wamisionari kutoka Roma mwaka 597, mtumishi wa nyumbani kwa mtu huru aitwa «hlafæta», mla mkate, na aliyemwua hutozwa shilingi 6. Hivyo nyumba nzima ilipangwa kwa mkate: mmoja aulinda, mmoja aukanda, mmoja aula. Kadhalika «companion», yaani mwenzi, ni neno lililotoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na maana yake ni mtu wa kula naye mkate. Sisi nasi twajua ya kuwa watu waliokula pamoja hawawi wageni tena.

Kwa kuwa maisha yalitegemea mkate, serikali nayo iliuwekea sheria. Tangu karne ya 13, sheria ijulikanayo kwa mwaka 1266 iliagiza ya kuwa mkate wa robo ya peni uuzwe kwa bei ile ile siku zote, bali uzito wake upungue au uongezeke kwa kadiri ya bei ya ngano. Mwokaji aliyepunja alitozwa faini, na aliyerudia kosa aliweza kufungwa katika mkatale mbele ya watu. Husemwa ya kuwa kwa hofu hiyo waokaji waliongeza mkate mmoja juu ya kila dazeni, na hata leo Waingereza huita 13 «dazeni ya mwokaji». Baadaye, mwaka 1815, sheria nyingine ilizuia ngano ya nchi za nje isiuzwe Uingereza mpaka bei ya ngano ya nchini ifike shilingi 80 kwa kipimo kiitwacho «quarter». Wenye mashamba walifurahi, maskini wa mijini wakaumia. Mabishano yalikuwa makali mpaka mwaka 1846, bunge lilipoifuta sheria hiyo.

Ndipo twafahamu kwa nini mkate umeingia katika misemo yao mingi. Mtu aliyenyang'anywa kazi yake huambiwa ametolewa mkate kinywani. Kazi impayo mtu riziki yake huitwa mkate na siagi yake. Anayejua faida yake yatoka kwa nani, husemwa kuwa ajua ni upande gani wa mkate wake uliopakwa siagi. Naye aliyetaka kingi akapata kichache hujifariji kwa kusema kuwa nusu ya mkate ni heri kuliko kukosa kabisa. Misemo hii miwili ya mwisho imo katika kitabu cha mithali cha John Heywood, kilichochapwa mwaka 1546. Wala neno halijachoka. Tarehe 7 Julai 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, Marekani, mkate uliokatwa vipande kwa mashine ulianza kuuzwa dukani, na tangu siku zile watu wakipata kitu kipya kizuri huwa wakikilinganisha na mkate wa vipande. Katika karne ya 20 watu wa mitaani, hasa Marekani, walianza hata kuziita fedha «bread».

Sasa mfasiri afanyeje? Kwetu mkate ni jina la vitu vingi: kuna mkate wa kumimina, mkate wa mofa, hata tumbaku iliyoshindiliwa huitwa mkate wa tumbaku. Lakini mtu wa bara ategemeaye ugali haoni maisha yake katika mkate. Kwake ni kitu cha dukani, cha kunywea chai. Riziki yake ameiweka katika maneno mengine. Aliyefukuzwa kazi amemwaga unga. Aliyeharibiwa njia yake ya kupata, kitumbua chake kimeingia mchanga. Anayeridhika na kichache husema kidogo si haba. Haya ndiyo yalingane na misemo ile ya Kiingereza, wala si mkate na siagi.

Ila kuna mahali ambapo jambo hili si la darasani tu. Katika Sala ya Bwana, Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 yatumia neno «riziki», nao Wakatoliki husali wakitaja «mkate». Nimesikia watu wakibishana kana kwamba upande mmoja umekosa. Naona kila upande umechunga kitu. Wa kwanza wamechunga maana, ili mla ugali asidhani anaomba kitu asichokila. Wa pili wamechunga neno lenyewe, kwa sababu mkate uleule warudi katika habari za makutano walioshibishwa, na katika Karamu ya mwisho, ambapo hapana awezaye kuandika kuwa Bwana aliimega riziki. Hata lugha za Mashariki zashuhudia ugumu huu: Kiebrania «lehem» ni mkate, nalo limo katika jina la Bethlehemu, Nyumba ya Mkate, bali ndugu yake wa Kiarabu, «lahm», ni nyama.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, anayefundisha neno «riziki» na awaonyeshe wanafunzi mkate uliomo ndani yake, na anayefundisha «mkate» na awaonyeshe ugali wao umo humo. Asipofanya hivyo, wa kwanza atawapotezea meza, na wa pili atawapotezea chakula chao wenyewe.

Nami asubuhi ya pili nililirudisha daftari la kijana yule. Chini ya wino wangu mwekundu niliandika: «mtaabikia mkate», kisha nikamwomba awaeleze wenzake, ambao hawakucheka tena, ni nani nyumbani kwao ataabikaye hivyo. Wengi walimtaja mama.